CC Si Nguvu: Mambo Yanayoamua Uwezo wa Injini ya Gari

Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi wa magari, madereva na wanafunzi wa ufundi mjini Iringa. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani nimeiacha, nami nimejitahidi maneno yajitegemee.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mafundi, madereva ambao makazi yenu ni barabarani, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie nguvu ya injini, nami naona nianze na swali ambalo kila mmoja wetu amewahi kuulizwa na mteja. Mteja anatafuta gari, na jambo la kwanza analotaka kulijua ni hili: “Ina CC ngapi?” Simlaumu. CC imeandikwa kwenye kadi ya gari, ushuru wa bidhaa hapa kwetu hupangwa kwa CC, na dalali huitaja CC hata kabla hajataja bei. Lakini nawauliza ninyi mnaofungua injini kila siku: CC ni kipimo cha nini? CC ni sentimita za ujazo, na elfu moja kati ya hizo ni lita moja. Ni kipimo cha nafasi ambayo pistoni zote kwa pamoja huiacha zinaposhuka ndani ya silinda zake kutoka juu hadi chini. Ni kipimo cha chombo. Chombo hicho kimejaa kiasi gani, CC haisemi. Kinajazwa mara ngapi kwa dakika, CC haisemi. Moto unaowashwa ndani yake unageuka kazi kwa kiasi gani, na kiasi gani kinapotea bure kupitia ekzosi na rejeta, CC haisemi.

Wengi wenu mmefungua injini ya Toyota 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser zinazobeba wagonjwa, watalii na maofisa wa misitu. Ina silinda sita, kila moja ina upana wa milimita 94, na pistoni husafiri milimita 100. Jumla ni CC 4,164, nayo hutoa takriban kilowati 96, yaani nguvu za farasi kama 130, kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika. Sasa mtazameni ndugu yake, 1HD-FTE, iliyofungwa kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 100. Silinda ni sita zile zile, upana ni ule ule, safari ya pistoni ni ile ile, CC ni 4,164 zile zile. Hii hutoa takriban kilowati 150, yaani nguvu za farasi kama 200, tena kwenye mizunguko michache zaidi, 3,400 tu. Farasi sabini wametoka wapi?

Kabla ya kujibu, naomba tufanye hesabu moja pamoja, kwa sababu nikishaifanya mtaona kwamba hotuba yote imo ndani yake. Chukueni 1NZ-FE, injini ya petroli mnayoijua kwenye Raum, Allion na Probox. Ina CC 1,496. Tuiite lita moja na nusu. Kwa kuwa ni injini ya mapigo manne, kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, basi huvuta mara 3,000, na kila mara lita moja na nusu, hivyo jumla ni lita 4,500 za hewa kwa dakika, tukichukulia kwamba silinda zinajaa sawasawa. Hewa ya pwani ina uzito wa takriban kilo 1.2 kwa kila lita 1,000, kwa hiyo injini imemeza kilo 5.4 za hewa. Petroli huungua yote pale ambapo kilo moja yake inakutana na kilo 14.7 za hewa, hivyo hewa hiyo inatosha kuunguza gramu 370 hivi za petroli, kama nusu lita. Petroli hiyo ikiungua katika dakika moja hutoa joto la takriban kilowati 260. Injini ya namna hii hugeuza kiasi cha asilimia 30 ya joto hilo kuwa kazi, na asilimia 30 ya 260 ni 78. Kiwanda chenyewe kinasema nini? Kilowati 80, kwenye mizunguko 6,000.

Niambieni, ndugu zangu: katika hesabu hiyo CC imeingia mara ngapi? Mara moja. Palikuwa pia na uzito wa hewa, palikuwa na mizunguko, palikuwa na kujaa kwa silinda, palikuwa na ile asilimia 30. Ukibadilisha yoyote kati ya hizo, nguvu inabadilika na CC inabaki ilivyo.

Jambo la kwanza ni hewa, nami nitakaa hapo zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hupotea. Tumezoea kudhani kwamba nguvu iko kwenye mafuta, na mteja akilalamika kwamba lori lake ni zito mlimani, kuna fundi anayekimbilia kuongeza pampu. Mafuta yanaongezeka, na moshi mweusi unaongezeka nayo. Moshi ule ni nini? Ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungulia. Mhunzi alilijua jambo hili zamani: akitaka moto mkali zaidi hamwagi mkaa juu ya mkaa, bali anavuta mvukuto. Kumimina mafuta zaidi ndani ya silinda ni kazi rahisi, pampu yoyote inaiweza. Kuingiza hewa zaidi ndiyo kazi ngumu, na historia ya kuongeza nguvu za injini kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta namna ya kuingiza hewa zaidi.

Na sisi wa nyanda za juu tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko watu wa pwani. Dereva anayetoka Dar es Salaam anaondoka usawa wa bahari, anapita Morogoro na Mikumi, anashuka Ruaha Mbuyuni, kisha anaanza kuupanda Mlima Kitonga. Anahisi gari limekuwa zito, naye analaumu mwinamo, na mwinamo kweli una lawama yake. Lakini akishafika juu, akishafika Iringa mjini kwenye mita kama 1,600, barabara ikiwa tambarare kabisa, bado injini isiyo na turbo, ile pampu ya hewa nitakayoieleza punde, haijarudi ilivyokuwa Dar. Kwa nini? Kwa sababu hewa ya hapa ni nyepesi. Katika ujazo ule ule wa silinda sasa mna uzito wa hewa uliopungua kwa takriban asilimia 15, na nguvu inapungua kwa kiasi kinachokaribia hapo. Ile 1NZ-FE yetu iliyomeza kilo 5.4 za hewa kwa dakika kule pwani, hapa inameza kama kilo 4.6. CC zake hazijapungua hata moja. Mtu akipimiwa kilo ya mchele kisha apewe gramu 850, atagomba. Dereva anafanyiwa hivyo na mlima, naye hata hajui.

Jawabu la tatizo hili lina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1905 mhandisi Mswisi aitwaye Alfred Büchi alipewa hataza ya wazo la kuchukua moshi unaotoka kwenye injini kwa kasi na joto, moshi ambao ungetupwa, na kuutumia kuzungusha gurudumu linalosukuma hewa kuingia kwenye injini hiyo hiyo. Hiyo ndiyo turbo. Lakini watu huamini zaidi wakiona, na kuonekana kwake kulifanyika juu ya mlima. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, alipandisha injini ya ndege iitwayo Liberty hadi kwenye kilele cha Pikes Peak, jimbo la Colorado, mita kama 4,300 kutoka usawa wa bahari. Injini ile ilikuwa na silinda 12 na ukubwa wa lita 27. Chini, ilipopimwa, ilikuwa imetoa nguvu za farasi kama 350. Kule kileleni bila turbo ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu hizo. Moss alipoiunganisha na turbo yake, injini ile ile, juu ya mlima ule ule, katika hewa ile ile nyepesi, ilirudisha nguvu zote ilizokuwa nazo chini na kuzidi kidogo.

Magari yalichelewa kuipata. Ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida yakiwa na turbo yalitoka Marekani mwaka 1962, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, nayo hayakudumu sana sokoni. Huku kwetu Afrika Mashariki wapenzi wa mbio za magari waliiona kazi yake mwaka 1984, pale Björn Waldegård alipoishinda Safari Rally akiendesha Toyota Celica yenye turbo. Toyota walirudia ushindi huo mwaka 1985, na tena 1986. Mashindano yanayopita kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako hewa ni nyepesi kama hapa, yalikuwa mahali pazuri pa gari linalojisukumia hewa yake lenyewe. Sisemi turbo pekee ndiyo iliyowapa ushindi, maana Safari ilivunja ekseli na mioyo kuliko ilivyovunja injini, ila nawahakikishieni kwamba haikuwadhuru.

Kuna jambo moja linalosahauliwa. Hewa ikibanwa hupata joto, na hewa yenye joto hutanuka, hivyo faida unayoipata kwa mkono mmoja unaipoteza kwa mwingine. Ndiyo maana kati ya turbo na injini huwekwa intakula, ile rejeta ya hewa iliyo mbele au juu ya injini. Nimeona intakula zilizojaa matope na mbegu za nyasi, na nimeona mpira wake uliochanika ukafungwa kwa kipande cha tyubu. Mwenye gari anaendelea kujisifu kwamba gari lake lina turbo. Turbo anayo, lakini hewa yote inaishia njiani.

Sasa turudi kwa wale farasi sabini. Ile 1HD-FTE ina turbo. Ina valvu nne kwa kila silinda pale ambapo 1HZ ina mbili, hivyo hewa inaingia na moshi unatoka kwa wepesi zaidi. Na mafuta yake hupuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni, wakati 1HZ huyapulizia kwenye chumba kidogo cha pembeni ambacho hupoteza joto kupitia kuta zake. Hewa zaidi, njia pana zaidi, joto linalopotea dogo zaidi. Farasi wote sabini wamo humo.

Mzee mmoja pale mbele anatikisa kichwa, nami najua anachotaka kusema. Anataka kusema kwamba 1HZ ndiyo inayodumu. Mzee wangu, sikupingi. Injini inayobeba mzigo mdogo kuliko umbo lake, isiyo na turbo ya kuua wala kompyuta ya kulalamikia mafuta mabovu, ina sababu nzuri ya kuishi miaka mingi, na shirika linalopeleka gari mahali ambapo gereji iliyo karibu iko siku mbili kutoka hapo lina haki ya kuichagua. Waliounda 1HZ hawakushindwa kuitoa nguvu. Waliamua kutoitoa. Hilo ni jambo jingine kabisa, na fundi anayelielewa hatamfungia mteja turbo ya mtumba kwenye 1HZ bila kufikiria pistoni na gasketi zitakavyolipokea.

Jambo la pili ni mizunguko. Nguvu tunayoipima kwa farasi au kilowati si kitu kingine ila msokoto wa kranki, ambao gereji tunauita toki, ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Ukitaka kuhesabu kilowati, chukua toki kwa mita-nyutoni, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawa kwa 9,549. Kwa hiyo injini ndogo yenye toki ndogo inaweza kutoa nguvu kubwa, mradi izunguke kwa kasi. Mbona basi hatuzungushi kila injini mara 9,000? Kwanza, pistoni husimama na kugeuka mara mbili katika kila mzunguko, na kila kasi inapoongezeka maradufu mzigo unaovuta konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, huongezeka mara nne. Pili, springi za valvu hushindwa kuzirudisha valvu kwa wakati. Na la tatu, ambalo ndilo gumu zaidi, muda wa kuvuta hewa unakuwa mfupi mno, hivyo silinda haijai.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhandisi wa Honda aitwaye Ikuo Kajitani alikuwa akiunda injini mpya ya CC 1,600. Lengo lililoonekana la kutosha lilikuwa nguvu za farasi 140. Mkubwa wake katika utafiti, Nobuhiko Kawamoto, akamtaka alenge juu zaidi: farasi 100 kwa kila lita, yaani 160, bila turbo. Kwa gari la kawaida la kwenda sokoni na kazini, hilo lilikuwa jambo la ajabu. Tatizo ni kwamba kamshafti inayofungua valvu kidogo na kwa muda mfupi huifanya injini iwe tulivu katika mwendo wa mjini lakini huinyima hewa inapokimbia. Na ile inayofungua sana huipa hewa inapokimbia lakini huifanya itetemeke na kukosa toki inapokwenda polepole. Utachagua ipi? Honda waliziweka zote mbili kwenye shafti moja. Kwenye mwendo wa chini valvu husukumwa na kemu fupi, yaani kinundu kifupi cha shafti hiyo, na mizunguko inapopanda presha ya oili husukuma pini inayofunga mikono ya valvu pamoja, nayo kemu ndefu inashika kazi. Ndiyo VTEC. Injini ile, B16A, ilitoka mwaka 1989 ndani ya Integra, ikatoa farasi 160 kwenye mizunguko 7,600. Miaka kumi baadaye Honda S2000, yenye lita mbili, ilitoa farasi 250 kwa soko la Japani kwenye mizunguko 8,300.

Lakini angalieni mizunguko hiyo. Nani kati yenu huendesha kwa mizunguko 8,300 kutoka Ipogolo kwenda mjini? Farasi wanaopatikana huko juu hawamsaidii mtu aliyepakia magunia ya viazi. Nikisoma nambari ya nguvu ya gari, jicho langu la pili huenda kwenye mizunguko iliyoandikwa kando yake, na la tatu, kama ningekuwa nalo, lingekwenda kwenye toki.

Jambo la tatu ni mbano, au kompresheni, pamoja na mafuta yanayouvumilia. Mchanganyiko ukibanwa zaidi kabla ya kuwashwa, moto wake hutanuka kwa umbali mrefu zaidi na kutoa kazi zaidi kutoka kwenye tone lile lile. Hapa ndipo ile asilimia 30 inapoweza kusogea. Basi kwa nini tusibane tu? Kwa sababu petroli ikibanwa kupita kiasi hujiwakia yenyewe kabla ya wakati wake, injini inagonga, na kugonga kukiendelea pistoni hutoboka. Oktani ni kipimo cha uvumilivu huo wa petroli, na oktani kubwa peke yake haikuongezei chochote kama injini haikuundwa kuitumia.

Mfano ulio wazi kuliko yote naujua kutoka angani. Mnaikumbuka ile Liberty, silinda 12, lita 27, ambayo nguvu yake rasmi mwaka 1918 ilikuwa farasi kama 400, ingawa ile ya Moss ilipopimwa ilitoa kama 350? Injini ya Merlin ya Rolls-Royce, iliyoziendesha ndege za Spitfire na Hurricane za Waingereza, nayo ilikuwa na silinda 12 na lita 27. Vita ilipoanza mwaka 1939 ilitoa farasi zaidi kidogo ya 1,000. Mwaka 1940 Waingereza waliingiza petroli ya oktani 100 badala ya 87, wakaweza kuisukumia injini ile hewa kwa presha kubwa zaidi bila kugonga, na nguvu ikapanda hadi kama 1,300 kwenye anga ya chini. Kisha Stanley Hooker, mwanahisabati aliyeingia Rolls-Royce mwaka 1938, akachunguza njia za hewa ndani ya supachaja yake, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, na kuzirekebisha, na hatimaye zikaja supachaja za hatua mbili zenye kupoza hewa katikati. Matoleo ya mwisho yalifikia farasi takriban 2,000. Lita 27 mwaka 1918, lita 27 mwaka 1940, lita 27 mwisho wa vita. Kutoka 400 hadi 2,000!

Na safari hiyo inaweza kwenda kinyume. Mwaka 1970 Cadillac Eldorado ya Marekani ilikuwa na injini ya lita 8.2, na kiwanda kiliitangaza kuwa na farasi 400. Mwaka 1976 Eldorado, ikiwa bado na lita 8.2, ilitangazwa kuwa na 190. Je, injini iliugua? Sehemu ya jibu ni kwamba kuanzia matoleo ya 1971 mbano ulipunguzwa ili injini ziweze kutumia petroli yenye madini ya risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, na vifaa vya kupunguza moshi vikaongezwa. Sehemu nyingine ni kipimo chenyewe: zamani Wamarekani walipima injini ikiwa mezani, bila eya klina, bila sailensa kamili, bila mzigo wa vifaa vinavyoning'inia kwenye mikanda yake, lakini tangu 1972 walianza kuipima ikiwa imevaa kila kitu kama ilivyo ndani ya gari. Kwa hiyo baadhi ya farasi wale hawakuwahi kuwako barabarani. Mkisoma nguvu za gari la zamani la Kimarekani, ulizeni lilipimwa mwaka gani.

Msuguano, giaboksi na matairi sitavigusa sana. Vinakula sehemu yao, navyo vinajulikana.

Ninalotaka kumalizia nalo linawahusu mafundi wa mji huu. Gari likiletwa kwako na malalamiko kwamba limepoteza nguvu, anza kwa yale yanayozuia hewa: eya klina, mipira ya turbo, intakula, sailensa iliyoziba. Halafu nenda kwenye plagi au nozeli. Kisha ndipo upime kompresheni. Na unapopima, kumbuka uliposimama. Geji yako ikisoma bar 10 hapa Iringa kwenye injini ambayo kitabu kinasema isome 12, usikimbilie kutangaza kwamba ringi za pistoni zimekwisha, kwa maana kitabu kinazungumzia usawa wa bahari, na pistoni nzima kabisa inayobana hewa nyepesi ya mita 1,600 itasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho. Linganisha silinda na silinda. Nne zikisoma 10, zote ziko sawa. Tatu zikisoma 10 na moja ikasoma 7, fungua hedi. Wako wenye magari waliolipia ringi mpya na kutoka gereji wakiwa na nguvu ile ile waliyoingia nayo, kwa sababu hakuna aliyeufikiria mlima.

Asanteni kwa kunisikiliza. Ndugu mwenyekiti, naona yule kijana wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kuongeza pampu. Naomba tuanze na swali lake.